NYASI ZA KIKUYU: RAFIKI WA UWANJANI, ADUI WA SHAMBANI

Mazungumzo kwa wenye nyumba na wenye mashamba wa Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya

Mtu atokaye Karatina kwenda Nyeri mjini wakati wa mvua ndefu huona rangi ya kijani kila upande. Huona kahawa, mahindi na migomba. Na katikati ya hivyo vyote, kando ya barabara, katika viwanja vya shule na mbele ya makanisa, huona nyasi fupi zilizoshikamana kama zulia. Ni wachache wanaozitazama mara mbili. Ng'ombe huzila, watoto huchezea juu yake, na mwenye shamba huzilaani azikutapo katika kahawa yake. Hizo ndizo nyasi zijulikanazo duniani kote kwa jina la watu wa nchi hii, yaani nyasi za Kikuyu.

Yafaa watu wa Nyeri wajue ya kwamba kitu hiki wanachokikanyaga kila siku kimesafiri mbali kuliko wengi wao. Nyasi hizi zilifika Australia mwaka 1919, kwa mbegu zilizotoka Kongo. Katika Afrika Kusini zimefunika viwanja vingi vya mpira na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Huko Marekani, katika jimbo la California, zilipelekwa ili zishike udongo wa kingo za mifereji. Uwanja wa gofu wa Torrey Pines, ambako mashindano makubwa ya Marekani yalifanyika mwaka 2008 na tena mwaka 2021, ni uwanja wa nyasi za Kikuyu. Walakini sheria ya Marekani imeziandika nyasi hizo hizo katika orodha ya magugu ya hatari. Wachezaji wanazisifu na wakulima wanazikimbia.

Mambo hayo mawili ni ya kweli, wala hayapingani. Wahenga walisema, "Ukimpa shubiri, huchukua pima." Maneno hayo yawafaa watu wenye tamaa, nayo yazifaa sana nyasi hizi. Anayezipanda bila kuziwekea mpaka atakuja kulima mara mbili kwa ajili yake, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa uchungu. Bali anayejua tabia zake atapata uwanja mzuri usiokufa, usiohitaji mbegu mpya, na unaoulinda udongo wa nyumba yake usichukuliwe na maji.

TABIA ZAKE

Kwanza, jina lake. Mtaalamu Mwitaliano, Emilio Chiovenda, alizitangaza kwa wataalamu wa mimea mwaka 1903 kwa jina la Pennisetum clandestinum. Mwaka 2010 wataalamu walizihamisha katika jamii nyingine, na sasa huitwa Cenchrus clandestinus. Neno lile la pili maana yake ni kitu kilichofichika. Nalo ni jina la haki, kwa kuwa maua ya nyasi hizi hayaonekani. Hukaa ndani ya ala ya jani karibu na ardhi, na dalili yake pekee ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazojitokeza asubuhi, hasa juu ya nyasi zilizokatwa fupi. Mtu asiyejua hudhani ni utando wa buibui.

Pili, mwendo wake. Nyasi hizi husafiri kwa njia tatu. Juu ya udongo hutuma mashina yanayotambaa, na kila penye kifundo mizizi hushuka na majani hupanda. Chini ya udongo hutuma mashina mengine meupe, manene, yasiyoonekana mpaka jembe liyaguse. Tena zina mbegu, ambazo hukomaa chini kabisa ambako kisu hakifiki. Ng'ombe huzila pamoja na majani, nazo hutoka katika samadi zikiwa hai. Kwa hiyo mtu anayezikata juu tu hajazipunguza. Amezitia nguvu.

Tatu, mahali pake. Asili yake ni nchi za juu za Afrika ya Mashariki, tangu Ethiopia, kupita Kenya na Uganda, hata Kongo ya mashariki na Tanzania. Zapenda baridi ya kiasi, mvua ya kutosha, na udongo mwekundu wenye rutuba. Nyeri mjini iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na Nanyuki karibu mita 1,900. Nchi ya namna hiyo ndiyo kwao. Tena zapenda mahali palipokuwa na boma la ng'ombe, kwa ajili ya samadi. Mzee aonaye duara la nyasi nzito za kijani katikati ya malisho makavu hujua ya kwamba zamani palikuwa na zizi.

Nne, vitu zisivyovipenda. Hazipendi kivuli, chini ya miti mikubwa hudhoofika, zikaacha udongo wazi. Jua kali la Januari na Februari huzigeuza rangi zikawa za manjano, na jalidi ya usiku huunguza majani yake, lakini mizizi haifi. Mvua ya kwanza ikinyesha, siku chache baadaye zitakuwa kijani tena.

MAHALI PA KUPANDA NA MAHALI PA KUEPUKA

Kabla ya kushika jembe, mwenye nyumba na asimame mlangoni, atazame ardhi yake na kujiuliza maswali matatu. Je, mahali hapa pana jua la kutosha? Je, mvua ya kuni inapata maji ya kutosha mwaka mzima? Je, pana kitu gani kando yake?

Nyasi za Kikuyu zafaa mbele ya nyumba, katika viwanja vya shule na vya kanisa, katika viwanja vya mpira, na juu ya kingo kubwa ambazo hakuna mtu anayelima karibu. Zafaa sana katika njia pana zilizochimbwa ili kuteremsha maji ya mvua, kwa kuwa maji yapitayo juu ya nyasi zilizoshikamana hayawezi kuuchimbua udongo.

Hazifai hata kidogo kando ya kitalu cha mboga, wala juu ya kingo nyembamba za matuta yenye kahawa au viazi. Hapo bora kupanda nepia, ambayo hukua kwa vishina na haitambai kuingia shambani, tena ni chakula kizuri cha ng'ombe. Walakini nepia nayo ina adui wake. Katika nchi za kati za Kenya umeenea ugonjwa unaovifanya vichwa vyake kuwa vyeusi kama masizi, na mmea hudhoofika. Aina iitwayo Kakamega 1 hustahimili ugonjwa huo, na mkulima anayepanda upya afanya vema kuomba aina hiyo kwa Bwana Shamba.

Watu wa upande mkavu wa Kieni, na wa Naro Moru kuelekea Nanyuki, wasijilazimishe kupanda nyasi za Kikuyu mahali pasipo na maji. Ukoka huvumilia kiu zaidi. Na mwenye uwanja wa kivuli anaweza kutumia nyasi za majani mapana ziitwazo nyasi za Pemba, ambazo watu wa pwani wamezizoea; hizo huvumilia kivuli kuliko za Kikuyu.

NAMNA YA KUPANDA

Kazi ya kupanda huanza kabla ya mvua. Mwezi wa Februari, kiwanja na kilimwe kwa kina cha inchi 6 mpaka 8, na mawe yote yaondolewe. Sangari ndilo adui wa kwanza. Mizizi yake myembamba iokotwe kwa mkono, wala isikatwe kwa jembe, kwa maana kila kipande kitaota. Baada ya kulima, kiwanja kiachwe majuma mawili au matatu. Magugu yaliyojificha yatachipuka, nayo yang'olewe kabla hayajapata nguvu. Mtu anayeruka hatua hii kwa haraka hulipa deni lake kwa miaka mingi.

Kisha udongo usawazishwe kwa reki. Usawa wake usiwe kama wa meza. Uwe na mteremko mdogo unaotoka nyumbani kwenda nje, ili maji ya mvua yasisimame ukutani. Itiwe samadi iliyooza vizuri, kiasi cha debe moja kwa eneo la hatua mbili kwa hatua mbili, na ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi isitumiwe, kwa kuwa huunguza mizizi michanga na huleta mbegu za magugu.

Mvua ndefu ikisha kuanza, mnamo mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, wakati wa kupanda umefika. Aliyechelewa na angoje mvua fupi za Oktoba. Vipandikizi vichaguliwe katika nyasi zenye afya, zisizo na sangari ndani yake. Kila kipandikizi kiwe na vifundo vitatu. Ichorwe mifereji midogo ya kina cha inchi 2, na nafasi ya futi moja kati ya mfereji na mfereji. Vipandikizi vilazwe ndani yake, inchi 6 mpaka 9 kati ya kimoja na kingine, vifundo viwili vikifunikwa udongo na ncha yenye majani ikitokeza nje. Kisha udongo ukanyagwe kwa mguu mpaka ushike. Hewa ikibaki chini, mzizi hukauka.

Vipandikizi vilivyokatwa vipandwe siku ile ile. Ikiwa kazi haiwezi kwisha, vifunikwe kwa gunia lililoloweshwa na kuwekwa kivulini. Wako wanaong'oa mabamba mazima ya nyasi pamoja na udongo wake, wakayatandaza kama mkeka. Njia hiyo ni ya haraka, lakini huondoa udongo wa juu mahali pengine. Haifai kabisa kuchimba mabamba hayo kando ya barabara au ukingoni mwa mto. Atakayefanya hivyo amepamba nyumba yake kwa kuijeruhi nchi.

Baada ya miezi mitatu au minne ya mvua nzuri, mistari itakuwa imekutana. Katika muda huo watoto na mifugo wazuiwe kupita. Siku zisizo na mvua, nyasi changa zimwagiliwe maji asubuhi. Majuma ya kwanza yahitaji maji kidogo mara nyingi. Baadaye, maji mengi mara chache, ili mizizi ijifunze kushuka chini.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Uwanja ukisha kushika, kazi kubwa ni kukata. Mkato wa kwanza usifanywe kabla nyasi hazijafika inchi 3 au 4 na mizizi yake kushika imara. Mtu ajaribu kuvuta shina moja kwa vidole. Likikataa kung'oka, uwanja uko tayari. Kwa nyumba za kawaida, urefu wa inchi 2 wafaa. Kanuni nzuri ni kutokuondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Mtu aliyeacha nyasi zikafika magotini, kisha akazinyoa mpaka chini siku moja ya jua kali, asishangae akiona uwanja wake umekuwa na rangi ya majani makavu.

Wakati wa mvua uwanja hukatwa kila juma. Wakati wa kiangazi, kila majuma mawili au matatu. Mashine ni nzuri kwa mwenye nayo, lakini fyekeo lililonolewa vema hufanya kazi safi. Fyekeo butu huchana majani badala ya kuyakata, na ncha zake hukauka. Wanafunzi wapewao kazi ya kufyeka uwanja wa shule wapewe na tupa pia.

Jambo la pili ni godoro. Nyasi za Kikuyu hujenga tabaka la mashina makavu chini ya majani, na mwaka hata mwaka tabaka hilo huongezeka. Mtu anayetembea juu yake huona miguu ikididimia kama juu ya godoro. Uzuri wa hali hiyo ni wa kudanganya. Maji hayafiki kwenye udongo, wadudu hupata makao, na nyasi huota juu ya taka zake zenyewe. Dawa yake si ngumu. Mara moja kwa mwaka, mvua ndefu zinapoanza, uwanja ukatwe mfupi sana, kisha ukwaruzwe kwa reki yenye meno ya chuma, na mashina yaliyotoka yaondolewe. Uwanja utaonekana kuwa umeharibika. Lakini mvua ipo, na baada ya majuma machache utakuwa bora kuliko ulivyokuwa. Kazi hiyo isifanywe Januari, wakati jua lingeweza kuikausha mizizi iliyofunuliwa.

Jambo la tatu ni chakula. Nyasi hizi zina njaa kubwa. Samadi iliyooza na kuchekechwa, ikinyunyizwa mwanzoni mwa kila mvua, yatosha kwa nyumba nyingi. Atumiaye mbolea ya dukani, kama CAN, atie konzi moja kwa eneo la hatua mbili za mraba, udongo ukiwa umelowa na majani yakiwa makavu, kisha amwagie maji. Kutia zaidi ni kujiongezea kazi ya kufyeka.

Jambo la nne ni adui. Katika miaka ya viwavijeshi, wadudu hao huweza kufika kwa makundi makubwa na kula majani yote kwa siku chache. Anayewaona wangali wadogo na ampashe Bwana Shamba habari mara moja, wala asingoje kuwaona wakivuka kwenda katika mahindi ya jirani.

MPAKA NA JIRANI

Sasa ni juu ya jambo lililo zito kuliko yote. Chukua mfano wa majirani wawili ambao mashamba yao yamepakana mteremkoni. Mpaka wao ni mstari wa itoka, yale maua ambayo wazee wa Kikuyu waliyapanda tangu zamani ili yawe shahidi kati ya shamba na shamba. Jirani wa juu amepanda nyasi za Kikuyu mbele ya nyumba yake mpya, akazifikisha mpaka kwenye mstari ule. Mvua ya kwanza ilipokwisha, nyasi zilikuwa zimepita chini ya itoka. Mvua ya pili ilipokwisha, zilikuwa katika kahawa ya jirani wa chini. Huyu naye akachukua jembe la meno, akachimba kwa hasira, na katika kuchimba akang'oa nyasi na itoka pamoja. Mwaka wa tatu hakuna hata mmoja wao awezaye kuonyesha mpaka ulipopita. Ndipo wanaitwa wazee, kisha chifu, kisha mpima ardhi. Na gharama ya shauri hilo yashinda bei ya nyasi, na ya kahawa, na labda ya urafiki wa baba zao.

Shauri la namna hiyo lingezuiliwa kwa kazi ya asubuhi moja. Kila apandaye nyasi hizi na aache upande wake mwenyewe nafasi ya futi 3 isiyo na nyasi kati ya uwanja na mpaka. Ukingoni mwa uwanja achimbe mfereji mwembamba wenye upana wa sepetu na kina cha inchi 8, na kila mwezi wa mvua apite na sepetu akate kila shina linalojaribu kuvuka, juu na chini. Ni wajibu wa mwenye nyasi kuzizuia, jirani hakuziomba. Na mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapima ardhi yawekwe wazi daima.

Ikiwa nyasi zimekwisha kuingia shambani, zisilimwe kwa jembe la kawaida, kwa kuwa jembe huzikata vipande, na kila kipande chenye kifundo ni mche mpya. Litumike jembe la meno wakati wa kiangazi. Udongo uinuliwe, mashina yatikiswe na kuokotwa yote, kisha yaanikwe juani juu ya mwamba au bati mpaka yakauke kabisa. Yasitupwe mtoni wala kando ya njia. Baada ya mwezi mmoja mahali pale pale parudiwe, kwa maana hakuna aliyezimaliza kwa siku moja. Katika kahawa kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu, isije ikakata mizizi ya mibuni iliyo karibu na uso wa udongo.

Mwenye kulisha ng'ombe kwa nyasi hizi na akumbuke habari ya mbegu zilizo katika samadi. Samadi hiyo na irundikwe, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara, na kuachwa ipate joto na kuoza sawasawa kabla ya kupelekwa katika mboga au kahawa.

NYASI NA NG'OMBE

Kwa ng'ombe wa maziwa nyasi za Kikuyu ni chakula kizuri zikiwa changa. Zikizeeka huwa mashina matupu. Zilizokatwa uwanjani zaweza kupewa ng'ombe siku ile ile, zikichanganywa na majani makavu. Lakini zikirundikwa mpaka zikapata joto, zisipewe mnyama. Wala zisitumiwe zile zilizonyunyiziwa dawa, au zilizomwagikiwa mafuta ya mashine.

Iko hatari moja ambayo haitokei mara nyingi, lakini ikitokea huua. Katika nchi za kusini mwa Afrika, Australia na New Zealand, ng'ombe wamepata sumu kwa kula nyasi za Kikuyu zilizochipuka kwa nguvu baada ya ukame, au baada ya kuliwa na viwavijeshi. Dalili zake ni kutokwa na ute mdomoni, kuyumbayumba, na kusimama penye maji kana kwamba anakunywa, naye hanywi. Mwenye kuona dalili hizo na awaondoe ng'ombe wote katika malisho yale na kumwita daktari wa mifugo bila kukawia.

UDONGO UENDAO NA MAJI

Huenda mtu akasema ya kwamba habari ya uwanja wa nyasi ni anasa ya watu wenye nafasi. Na atazame mto Sagana baada ya mvua kubwa. Maji yake ni mekundu. Wekundu huo ni udongo wa mashamba, nao ni ule ule wa juu wenye rutuba. Maji ya Chania ya Nyeri, Gura, Ragati na Sagana yote huishia katika mto Tana. Bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981 ili kusaidia kuleta nguvu za umeme, limepokea udongo mwingi kuliko walivyotazamia wahandisi waliolijenga. Kwa hiyo konzi ya udongo inayotoka mlangoni mwa mtu wa Othaya yaweza kwenda kulala chini ya bwawa, mbali na nyumbani.

Zamani kazi ya kuzuia udongo iliachia watu kumbukumbu chungu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, na mwaka 1947 na 1948 wanawake wengi wa Murang'a waliikataa kazi hiyo ya lazima. Walijua thamani ya udongo. Walichokikataa ni kuamrishwa juu ya udongo wao wenyewe, bila malipo na bila shauri. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, matuta mengi yaliachwa yakabomoka. Ilipofika mwaka 1974, Kenya ilianza mpango mpya wa kuhifadhi udongo na maji kwa msaada wa Uswidi, na safari hii wakulima walifundishwa wala hawakushurutishwa. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji, yalienea katika wilaya nyingi. Na mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa milima hii kupanda nyasi juu ya kingo na kuchimba matuta, ili maji yafike mijini yakiwa safi.

Historia hiyo yafundisha jambo moja. Nyasi iliyopandwa kwa amri hufa siku msimamizi anapoondoka. Nyasi iliyopandwa na mwenye ardhi, akijua sababu, huishi kuliko yeye.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa kifupi, anayetaka uwanja wa nyasi za Kikuyu na ashike mambo haya sita:

1. Asipande kabla ya kutoa sangari yote.

2. Apande mvua zinapoanza, vipandikizi vya vifundo vitatu, siku ile ile vilivyokatwa.

3. Akate mara kwa mara, wala asiondoe zaidi ya theluthi ya jani.

4. Avunje godoro mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua ndefu.

5. Aache futi 3 kati ya nyasi na mpaka, na ukingo aulinde kwa sepetu.

6. Asizipande karibu na kahawa wala mboga. Huko apande nepia.

Mabwana na Mabibi, nyasi hizi zilikuwa hapa kabla ya barabara, kabla ya mji wa Nyeri, na kabla ya kahawa. Watu wa nchi za mbali wamezinunua, wakazisomea na kuzichezea, na wengine wamezitungia sheria za kuzizuia. Wenyeji wake ndio wanaopaswa kuzijua kuliko wote, wakizipa mahali pake na kuzinyima mahali pasipo pake. Mvua ndefu zikija, kila mwenye nyumba na atazame maji yanayotoka mlangoni kwake. Yakiwa mekundu, ajue ya kwamba kazi inamngoja.